Esigani Hajatumwa na Mtu

Jumapili moja jioni nilikuwa ocha, Kebirigo, mvua inapiga mabati hadi hakuna mtu anaskizana. Mzae ako na kabambe, ile simu ya tochi inakaanga na chaji wiki nzima, so akitaka kujua timu yetu Shabana, ile tunaita Tore Bobe, wamefanyaje huitisha yangu. "Leta hiyo kitu nione Tore Bobe." Nikampea. Akavaa miwani, akafungua saiti ya spoti, akaanza kusoma polepole venye wazee husomanga, midomo ikisonga.

Halafu akasimama kusoma.

Katikati ya stori ya mechi kulikuwa na pete. Pete ya uchumba, kajiwe kanang'aa, bei imekatwa kwa wino mwekundu. Akateremsha kidogo, pete ingine. Kufika mwisho wa stori, pete tatu zimepangwa laini moja na swali ka bado nafikiria. Mzae akanirudishia simu bila kuniangalia usoni. "Wametoka sare," akasema, kisha akatoka kwenda kucheki ng'ombe. Kwa giza. Kwa hiyo mvua.

Ka we si wa kwetu unaweza dhani hapo hakuna kitu imefanyika. Wacha nikuchanue.

Abagusii tuko na kitu inaitwa chinsoni. Ni heshima, ni aibu, ni mipaka, zote zimepikwa kwa chungu kimoja. Chinsoni ndio inasema nani anaweza bonga nini mbele ya nani. Boy akishatahiriwa anatoka kwa nyumba ya mathe, anapata esaiga yake, na huko watu wazima hawaingii ovyo. Akioa, mzae wake haingii kwa hiyo nyumba ata mvua ikinyesha mawe. Na story za mapenzi hazipiti kati ya mtu na mzae wake moja kwa moja, zi. Ziko na njia yake. Unaweza ambia sokoro, yaani guka, ama magokoro, yaani shosho, ju na hao mnaweza ata kutaniana. Maneno ya ndoa nayo yalikuwa na mtu wa kati, esigani. Huyo alikuwa anatumwa. Familia zote mbili zinamjua. Anaenda kuangalia boma ya wenyewe ikoje, watu wa huko wako na tabia gani, kisha analeta majibu kwa wenye walimtuma. Akidanganya, mlango wake unajulikana.

Sasa mi hiyo pete nilikuwa nimeisaka siku nne kabla, nikiwa kwa keja yangu Nyanchwa, hapa Kisii, saa sita usiku, mlango nimeweka komeo. Sikuwa nimeambia beste yangu. Dem mwenyewe hakuwa na rada. Na bado kuna mtu alitoka kwa hiyo keja akanitangulia hadi Kebirigo, akakaa mbele ya mzae, akamwambia mambo yangu kabla mi sijapata mdomo wa kuyasema.

Asubuhi nikarudi tao na Probox, tumebanana watu wanne nyuma, mwingine anagawana kiti na dere, na njia yote kutoka Nyamira nilikuwa na swali moja tu. Huyo msee aliingilia wapi?

Anaitwa kuki. Ka umeseti simu yako kwa Kiswahili utaona imeandikwa kidakuzi. Mwanzo wake haukuwa mbaya. Saiti za kitambo zilikuwa zinasahau sana: ukifungua ukurasa wa pili, seva haijui ni wewe ulikuwa kwa ule wa kwanza, na kitu umeweka kwa kikapu imepotea. Mwaka wa 1994 kijana wa Netscape anaitwa Lou Montulli akapata form. Saiti itapea brauza yako kakaratasi kadogo kako na namba, na kila ukirudi brauza inaonyesha hiyo namba. Ni ka ile kadi unapewanga kwa mlango wa supamaketi ukiacha bagi. Hiyo kuki ya mwenye nyumba sina noma nayo. Ndio inakushikilia ukiwa umeingia eCitizen unajaza fomu ndefu. Bila hiyo, intaneti ingekuwa inakuuliza jina kila ukigeuka.

Ngori ni huyu mwingine, mtu wa tatu.

Ukurasa wa saiti hautokangi mahali pamoja. Stori inatoka kwa mwenye saiti, lakini tangazo liko kwa seva ya kampuni ingine kabisa, na brauza yako lazima iende kulileta. Ikibisha hodi huko, hiyo kampuni nayo inaipea kakaratasi kake. Sasa chukulia hiyo kampuni moja ina matangazo kwa saiti ya pete, kwa saiti ya spoti, kwa saiti ya kusaka kazi, kwa saiti ya mtu anauliza kwa nini mgongo unauma. Kila mahali ukifika, brauza inatoa ile karatasi na kusema: ni mimi, ile namba, niko hapa sai. We unaona saiti nne hazijuani. Wao wanaona mtu mmoja anatembea, wamemmulika tangu atoke kwake. Saa zingine ata tangazo halipo. Kunakuwa na kapicha ka pikseli moja, hakaonekani na jicho la binadamu, na kazi yake yote ni kufanya brauza yako ipige hiyo hodi.

Kampuni ya DoubleClick ilianza hii biashara kitambo, miaka ya 1990. Mwaka wa 2007 Google ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 3.1, na dili ikafungwa 2008. Uliza wasee mtaani ka wamewahi skia hilo jina. Wengi watakuambia zi, na simu zao zimebeba kakaratasi kake miaka mingi.

Bei ya tangazo inapangwa aje? Enda soko ya Daraja Mbili mangware. Mkungu wa ndizi ukiwa bado juu ya nduthi, mabroka wameuzunguka. Umekomaa aje, vidole vimejaa ama ni vyembamba, umetoka upande gani. Bei zinatajwa, mmoja anachukua, nduthi inageuza. Kwa intaneti huo mnada ni wako. Ukurasa ukianza kufunguka tu, ujumbe unaenda kwa soko la matangazo: kuna namba hii, simu ya aina hii, iko pande hii ya Kenya, inasoma mambo ya mpira. Kampuni kibao zinafungua madaftari, zinaona hii namba juzi iliangalia pete, zinataja bei, moja inashinda. Yote inaisha kwa millisekunde ka 100. Hujamaliza kupepesa macho.

Na hapa ndo inaniuma. Pale Daraja Mbili broka akikosa mkungu anaenda zake mikono mitupu. Kwa huu mnada mwingine, kampuni ishirini zikishindwa, zote ishirini zishaonyeshwa ni nani, ako wapi, anasoma nini. Zimekosa tangazo, hazijakosa habari zako.

Alafu hizo safari zote za brauza kwenda kubisha hodi zinatumia bando yako. Umenunua ya mbao usome stori moja, na kipande cha hiyo mbao kimelipia nauli ya wenye wanakufuata.

Sisemi kila mtu kwa hii game ni mbaya. Niko na msee wangu huko Tabaka, anachonga mawe ya sabuni ka venye mzae wake alichonga. Ako na kasaiti kake ka kuuzia watu wa ng'ambo. Mtu wa huko akiangalia kiboko wa jiwe akatoka bila kununua, lile tangazo linamfuata, na siku zingine anarudi analipa. Hiyo doo imelipa fees ya watoi wake, na mi siwezi mwambia awache wakale upepo. Lakini nilimuuliza, bro, kwa saiti yako kuna nani? Akasema ni yeye na wateja wake. Tukakaa chini tukaifungua kwa laptopu, tukaangalia brauza inabisha milango gani. Kampuni sita. Moja tu ndio alikuwa anaijua, ju ndio anailipa. Hizo tano ziliingia na vipande vya code alinakili mahali akifundishwa kupamba ukurasa na kuhesabu wageni. Alikaa kimya, patasi kwa mkono. Ye ni mtu wa Tabaka, anaelewa kuacha mlango wa nyuma wazi ni nini. Siku hiyo hiyo tukatoa nne.

Ndio ujue mtu wa tatu hajiingizi mwenyewe. Mwenye nyumba ndo humfungulia, na saa mob hajui amefungulia nani.

Story ya pete naweza ishi nayo. Kuna ingine siwezi.

Binamu yangu ako kampo hapa Kisii. Mwaka wake wa pili alikuwa anabet. Ilianza na finje za wikendi, ikafika soo tano, ikafika fees ya semista nzima. Mathe yake ni wa majani chai, yule mwanamke ukimsalimia mkono unaskia ngozi venye imekauka kwa kuchuma. Siku alipojua, hakupiga kelele. Alikaa tu kwa stuli nje ya jikoni na ndoo ya mboga za chinsaga hajachambua. Binamu akalia mbele yake, akaapa, akafuta programu ya kubet, akafuta akaunti, akanipea line yake ya simu nimuekee. Alikuwa amemaanisha. Namjua tangu tukiwa watoi.

Wiki ya tatu akanikujia usiku kwa keja. Hakuwa amebet. Alikuwa amechoka. "Bro, mi nimeacha lakini yenyewe haijaniacha." Akanionyesha. Anafungua stori ya Shabana, tangazo la kubet. Anafungua saiti ya muziki, tangazo la kubet, saa hii linamwambia arudi kuna bonasi inamngoja. Ata kwa ukurasa wa maswali ya mtihani ilikuwa hapo. Nikamwambia kile nilikuwa nimesoma: kwa hizi biashara kunakuwanga na orodha ya watu waliwahi weka pesa kisha wakanyamaza, na kuna pesa imetengwa ya kuwarudisha. Hiyo orodha haikuona mathe na ndoo ya chinsaga. Inajua tu kuna namba iliwahi kuwa mteja mzuri na imepotea wiki tatu. Kwa macho yake, hiyo ni hasara ya kufuatiliwa.

Tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya kusimamia michezo ya kubahatisha ilisimamisha matangazo yote ya kamari nchini kwa siku 30. Nilifurahia, sitaficha. Lakini siku 30 zinaisha. Kuki, Chrome inairuhusu kukaa kwa brauza hadi siku 400, na ukirudi kwa mwenyewe anaweza ifanya upya. Msee anajaribu kutoka kwa shimo ako na nguvu ya leo peke yake, na anayemfuata ako na kumbukumbu ya mwaka.

Tulikaa hadi saa saba usiku tukifunga milango moja moja. Nitakuambia venye tulifanya, ju inaweza saidia mtu.

Kwa Chrome unaenda kwa vidoti vitatu, mipangilio, kisha mipangilio ya saiti, unapata mahali pa vidakuzi, unachagua kuzuia vya watu wa tatu. Vya mwenye saiti vinabaki, kwa hivyo eCitizen na portal ya shule bado zinaingia. Kisha unafuta zile zimekaa tayari. Utatolewa kwa akaunti zako zote, so hakikisha unakumbuka maneno ya siri. Firefox tangu 2022 imeweka kuki za kila saiti kwa mtungi wake, ya huku haiwezi soma ya kule. Wenye iPhone, Safari ilifunga mtu wa tatu tangu Machi 2020 bila ata kuwauliza. Lakini programu za simu hazitumii sana kuki, ziko na namba ingine ya matangazo imekaa ndani ya Android yenyewe. Hiyo unaipata kwa mipangilio ya simu, sehemu ya Google, matangazo, na kwa simu za sai unaweza ifuta kabisa. Ya binamu tuliifuta. Matangazo ya kubet hayakuisha yote, ju mengine yanawekwa kwa kila msomaji wa mpira, lakini ile sauti ya kumuita kama inamjua iliisha.

Usingoje wenye mali wakufungie. Januari 2020 Google ilisema itaondoa kuki za mtu wa tatu kwa Chrome ndani ya miaka miwili. Ikasongeza tarehe. Ikasongeza tena. Julai 2024 ikasema imebadilisha mawazo, na Aprili 2025 ikasema ata ile swali ya kukuuliza ka unazitaka haitakuletea. Wasee wengi huku tunatumia hiyo Chrome, imekuja na simu, na tunaiacha venye imekuja.

Gava nayo? Sheria iko, na si mbaya. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinasema mambo ya familia yako na maisha yako ya ndani yasiitishwe ama kufichuliwa bila sababu. Sheria ya kulinda data ilisainiwa Novemba 2019, na mwaka uliofuata Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa kwanza wa Data. Pale ruhusa yako inahitajika, hiyo sheria inadai ukubali mwenyewe, kwa hiari, ukijua unakubali nini, na ukikubali leo unaweza kataa kesho. Ukipeleka malalamiko, yanafaa kuamuliwa kwa siku 90. Na haijakaa tu kwa karatasi: Septemba 2023 ofisi hiyo ilipiga Roma School faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoi bila ruhusa ya wazazi, na Casa Vera Lounge 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja aliyekuwa anajibamba tu. Kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, ikapigwa 2,975,000.

Lakini cheki hizo kesi vizuri. Picha unaiona. Msee wa mkopo akipigia boss wako simu, unaskia. Mtu wa tatu wa kuki humuoni, humskii, na ofisi zake ziko ng'ambo. Utapeleka malalamiko ukisema nini, kwamba pete ilifika kwa mzae kabla yako? Ufaransa walipata pa kushika. Mwanzo wa 2022 ofisi yao ya data ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, ju kukubali kuki kulikuwa kufinya mara moja na kukataa kulikuwa safari. Hiyo ndo kesi ningependa kuiona Nairobi. Kitufe cha kukataa kikae kando ya kile cha kukubali, saizi moja, rangi moja. Haihitaji teknolojia yoyote.

Mpaka hiyo siku, ile sanduku ya kukubali kuki ikitokea chini ya skrini usifinye tu ndio iondoke. Najua venye tunafanya. Una haraka, bando inaisha, dere wa Probox anakuita. Na ka uko kwa saiba hapo tao unajaza maneno ya HELB, tumia dirisha la siri, na ukimaliza ulifunge. Wenye walikutangulia kwa hiyo mashini wameacha nyayo, na anayekuja nyuma yako anaweza kuwa mtoi wa jirani.

Miezi miwili baadaye nilinunua pete. Nilinunua kwa duka hapa tao, keshi, nikaishika kwa mkono kwanza. Dem akasema ndio. Alafu nikafanya venye inafanywanga: nikaenda kwa sokoro, mkubwa wa boma yetu, na kilo mbili za sukari na majani, nikamwambia yote. Akacheka, akanitania kidogo, akaniuliza ukoo wa msichana asije akawa ni dada yetu. Jumamosi akavaa koti, akachukua fimbo, akateremka kwa mzae.

Nilikuwa nje nakata napia ya ng'ombe lakini dirisha lilikuwa wazi. Sokoro akaanza mbali, akazunguka kwa mvua, akazunguka kwa bei ya majani chai, akafika. Mzae akaskiza yote hadi mwisho ka mtu hajawahi ona pete maisha yake. Akakohoa. Akaweka kikombe chini.

"Kumbe," akasema. "Na huyo msichana ni wa wapi?"